Posti zote zimetoka lakini naziona mimi tu: ni API, ni tokeni, au nimerogwa?

#1 Mama Kitenge
Wakuu salamu. Nina duka la vitenge na khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mpwa wangu, kamaliza chuo mwaka jana, alinionea huruma kila usiku nikikaa na simu kupandisha picha zilezile mara tatu: Facebook, Instagram, TikTok. Akakodi seva kule Ujerumani, akaweka programu ya kupanga posti, ile ya chanzo huria (jina siliweki, nisije nikaisingizia), akaunganisha akaunti zangu hizo tatu kwa API, yaani mlango wa programu kuongea na programu. Kila akaunti ikaweka tiki ya kijani. Nikampikia pilau.

Sasa ni wiki ya tatu. Programu inaniambia "imechapishwa". Nikifungua simu yangu, posti naziona. Binti wa dukani naye anaziona. Wateja wananipigia: "Mama, umefunga biashara? Mbona kimya?" Facebook hakuna hata mmoja aliyependa. TikTok kuna alama ya kikufuli. Instagram watu wanaziona, ila zinatoka muda zinaotaka zenyewe. Nimepanga saa mbili usiku. Nyingine inatoka saa tano usiku, nyingine saa kumi na moja jioni, na moja ya Ijumaa ilitoka saa tisa usiku. Nani ananunua kitenge saa tisa usiku? X ndiyo kabisa, imekataa kuunganishwa.

Mpwa yuko Dodoma kwenye mafunzo, anajibu ujumbe mmoja kwa siku. Tatizo liko wapi?

#2 Pilipili Kali
Saa tisa usiku wananunua wachawi. Wahudumie vizuri, nao ni wateja.

#3 Mzee Kobe
Hili halina fumbo. Facebook hawapendi posti zinazoingia kwa programu za nje. Wanazificha ili uchoke, ulipie tangazo. Nimekaa kwenye biashara hii ya kurasa tangu watu wanatumia simu za vitufe, nimeliona sana. Pandisha kwa mkono, utaona tofauti.

#4 Fundi Waya
Mzee Kobe, tusichanganye madawa. Posti kuwafikia watu wachache ni kitu kimoja, kutoonekana na mtu hata mmoja ni kingine.

Mama Kitenge, fanya jaribio kabla hujamlaumu yeyote. Fungua posti moja ya Facebook, nakili kiungo chake, mtumie jirani wa duka ambaye hana uhusiano wowote na mpwa wako. Akiambiwa maudhui hayapatikani, jibu ninalo. Ili chombo chako kiongee na Facebook, mpwa alilazimika kusajili programu kwenye tovuti ya watengenezaji ya Meta, wenye Facebook na Instagram. Programu hiyo huzaliwa ikiwa katika hali ya "Development". Ikiwa humo, chochote inachokiandika kwenye ukurasa kinaonekana na wenye cheo kwenye hiyo programu tu: msimamizi, mtengenezaji, mjaribu. Wewe unaona kwa sababu umo kwenye orodha. Mteja wa Mbagala hayumo.

#5 Mzee Kobe
Na binti wa dukani je? Naye ni mtengenezaji wa programu?

#6 kijana_wa_seva
Swali zuri la Mzee Kobe #5. Mama, weka picha ya ile sehemu ya mipangilio tuone imeandikwaje.

#7 Mama Kitenge
Nimeweka hapo chini. Kuna maneno marefu yanaanza na EAA sijui ni ya nini.
[picha imeondolewa]

#8 Msimamizi wa Jukwaa
Nimeifuta picha. Mama, hiyo EAA ndiyo tokeni yenyewe. Aliyeinakili anaweza kuandika kwenye ukurasa wako kwa jina lako, bila nywila, bila msimbo wa simu. Badilisha nywila ya Facebook sasa hivi. Wengine nanyi: anayewaomba picha ya mipangilio, fichani kwanza herufi ndefu.

#9 Pilipili Kali
Kijana wa seva kaomba picha, mama kaleta ufunguo wa nyumba.

#10 Mama Kitenge
Nimebadilisha. Mungu wangu. Mimi nikisikia tokeni najua zile za LUKU tu, tarakimu 20 unabonyeza kwenye mita, umeme unarudi.

#11 Mwalimu Jioni
Mfano wa LUKU si mbaya, ila hauendi mpaka mwisho. Ya LUKU ukiibonyeza mara moja imekufa, hata mwizi akiiona karatasi hana faida. Hii inatumika tena na tena: kila posti ikitoka, seva inaionyesha upya kama kibarua anayeonyesha kitambulisho getini kila asubuhi. Ndiyo maana inafichwa. Uzuri wake ni kwamba mpwa hakuhitaji nywila yako. Ulibonyeza "ruhusu" kwenye ukurasa wa Facebook wenyewe, Facebook ikaipa programu kibali chenye mipaka: aandike posti, asome takwimu, basi.

Ubaya wake tuliuona Oktoba 2013. Kampuni ya Buffer, wakubwa wa kazi hii ya kupanga posti, walidukuliwa, na kurasa za wateja wao zikaanza kutoa matangazo ya dawa za kupunguza unene. Hakuna mteja aliyeibiwa nywila. Tokeni zilichukuliwa zikiwa wazi. Baada ya hapo ndipo wakaanza kuzihifadhi kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri. Muulize mpwa, kwenye seva yenu zimehifadhiwaje?

#12 Mama Kitenge
Nimemtumia muuza mabegi wa duka la pili kiungo, kama Fundi Waya alivyosema #4. Kapata "Maudhui haya hayapatikani kwa sasa". Na binti wa dukani nimemuuliza: kumbe mpwa alimtumia mwaliko wa kuwa mjaribu, akabonyeza kubali bila kujua ni nini. Alidhani ni ombi la urafiki.

#13 Fundi Waya
Kesi imekwisha.

#14 Wakala Mkorofi
Haijaisha, imeanza. Mimi nasimamia kurasa za maduka na hoteli kadhaa. Kutoka humo kwenda hali ya "Live" watakudai cheti cha BRELA, TIN, bili yenye anwani, kisha uhakiki wa programu na video ya kuonyesha kila ruhusa unaitumiaje. Jukwaa moja kubwa, silitaji, lilinirudishia video yangu mara nne. Mara ya tatu sababu ilikuwa eti haionyeshi mtu akiingia. Nilikuwa nimejirekodi naingia mpaka jasho linanitoka.

#15 kijana_wa_seva
Wakala, hiyo ni kwa sababu wewe unaandika kwenye kurasa za watu wengine. Yako ni ruhusa ya juu, na hiyo ndiyo yenye uhakiki na makaratasi ya biashara. Mama anaandika kwenye ukurasa wake mwenyewe, na waliomo ni yeye na mpwa. Ruhusa ya kawaida inamtosha. Anachohitaji ni kiungo cha sera ya faragha kinachofunguka, ajaze vipengele vichache, abadilishe hali iwe Live. Posti zilizotoka awali asizihangaikie, azipange upya.

#16 Wakala Mkorofi
Sera ya faragha ya duka la vitenge? Aandike nini, "hatuhifadhi vipimo vya kiuno chako"?

#17 Mwalimu Jioni
Akiandika hivyo na ikawa kweli, itakuwa ya kweli kuliko nyingi nilizosoma.

#18 Nguru Mbichi
Natoka pembeni kidogo. Nauza samaki Feri, nina ukurasa wa Facebook. Kuhusu hoja ya Mzee Kobe #3 nilifanya jaribio mwenyewe: wiki mbili kwa mkono, wiki mbili kwa programu, picha za aina moja, muda mmoja. Wateja walewale, maswali yaleyale ("kilo bei gani" wakati bei imeandikwa). Sikuona tofauti.

#19 Mzee Kobe
Wiki mbili za mwezi wa mshahara au wiki mbili za katikati? Bahari ilikuwa shwari au ya pepo? Ukimpima nguru na dagaa kwa mizani moja utapata jibu unalolitaka.

#20 Nguru Mbichi
Hapo kwenye mshahara umenikamata. Ya mkono ilikuwa mwisho wa mwezi.

#21 Mzee Kobe
Asante. Nangoja.

#22 Saa Sita Kamili
Nyie mmeng'ang'ania Facebook, mimi nimevutiwa na saa. Seva nyingi zinakuja zikiwa kwenye UTC, yaani saa ya Greenwich, sisi tuko saa tatu mbele. Saa mbili usiku yetu ikiandikwa kompyuta ni 20:00. Mpwa akiandika 20:00 na programu ikadhani ni UTC, huku inatoka 23:00. Ndiyo saa tano usiku yako hiyo.

Ya pili ndiyo tamu. Saa kumi na moja jioni ni 17:00. Toa tatu unapata 14:00, ambayo kwa mtindo wa AM na PM ni 2:00 PM. Mama Kitenge, bila aibu: zilizotoka saa kumi na moja jioni, nani alizipanga?

#23 Mama Kitenge
Ni mimi. Niliona kuna 2:00, nikachagua PM kwa sababu mpwa aliniambia AM ni asubuhi.

#24 Pilipili Kali
Hahahaha. Mama kapanga saa mbili. Kosa lake ni lipi jamani? Saa mbili ni saa mbili.

#25 Saa Sita Kamili
Hana kosa. Makosa ni mawili na yamepandana: saa ya Kiswahili ikasomwa kizungu, kisha saa ya Dar ikasomwa kama ya Greenwich. Moja peke yake ungeigundua siku hiyohiyo. Aingie kwenye mipangilio achague Africa/Dar_es_Salaam, na yeye awe anajumlisha sita: saa mbili usiku, 8:00 PM.

#26 Bint Pwani
Hamjambo kutoka Mombasa. Na ya saa tisa usiku mwaielezaje, mabwana? Yenu ya UTC haifiki huko.

#27 Saa Sita Kamili
Nilitumaini hakuna atakayeuliza. Saa tisa usiku ni 03:00, yaani saa 00:00 UTC kamili. Dhana yangu: siku hiyo mama alichagua tarehe akaacha saa wazi, programu ikachukua mwanzo wa siku.

#28 kijana_wa_seva
Mimi nina nyingine. Mama, mpwa hajaweka n8n, ile programu ya kuendesha kazi zenyewe, kuchukua picha kwenye jedwali na kuzipeleka kwenye hiyo programu? Kwa sababu n8n usipoiambia saa za mahali ulipo inatumia za New York, ndivyo inavyokuja. Saa 20:00 ya New York majira yao ya joto ni saa 00:00 UTC. Huku ni saa tisa usiku barabara. Jibu lilelile kwa njia nyingine.

#29 Fundi Waya
Na mimi ya tatu. Instagram haipokei posti kwa hatua moja. Kwanza seva inaunda kama kikapu, inaweka kiungo cha picha na maelezo. Kisha inatoa amri ya kuchapisha. Picha hutumi wewe, Meta wenyewe wanakuja kuichukua kwenye kiungo, kwa hiyo kiungo lazima kiwe wazi kwa umma, na picha iwe JPEG. Picha ikiwa PNG, au imefungiwa kwenye hifadhi inayotaka kuingia kwanza, hatua ya kwanza inagoma, na chombo kikiwa na tabia ya kujaribu tena kitajaribu baadaye. Ikatoka saa tisa kwa sababu ndipo jaribio lilipofanikiwa. Kikapu chenyewe kinaishi saa 24.

#30 Saa Sita Kamili
Jaribio la kubahatisha likaangukia saa 00:00 UTC bila hata dakika moja pembeni?

#31 Fundi Waya
Mama alisema "saa tisa", hakusema na sekunde.

#32 kijana_wa_seva
Tunaweza kuipima. Ya New York ingekuwa imepangwa Alhamisi usiku, ikatoka alfajiri ya Ijumaa. Ya Saa Sita ingekuwa imepangwa kwa tarehe ya Ijumaa. Mama, ulipanga itoke lini?

#33 Mama Kitenge
Usiku wa Ijumaa.

#34 Bint Pwani
Haya! Usiku wa Ijumaa wa nani? Huku kwetu siku yaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi ikishatua jua. Na mama anauza khanga, sidhani atasema kinyume. Muulizeni tena.

#35 Mama Kitenge
Mimi nimekulia Pangani, kwetu usiku wa Ijumaa ni wa kuamkia Ijumaa. Lakini kwenye kalenda ya programu nilibonyeza kisanduku cha Ijumaa. Au nilibonyeza Alhamisi? Zile za wiki ile nimeshazifuta.

#36 Pilipili Kali
Nchi tatu, majira manne, na ushahidi umefutwa. Mahakama iahirishwe.

#37 Mpiga Kinanda
Wakuu naomba kuchomeka yangu. Kwaya yetu tuna chaneli ya YouTube, kijana aliunganisha ipandishe video ya ibada kila Jumapili jioni. Inafanya kazi Jumapili moja, inayofuata inasema haina ruhusa, naunganisha upya, mzunguko ule ule. Kila wiki. Mchungaji anasema ni vita vya kiroho.

#38 kijana_wa_seva
Mchungaji ameotea siku saba sawasawa. Mradi wenu kule Google uko kwenye hali ya "Testing". Kwa ruhusa kama za YouTube, katika hali hiyo tokeni ya kuhuisha, ile inayoomba kibali kipya, inakufa baada ya siku 7. Ibadilisheni iwe "In production", yaani ya matumizi halisi. Na ujiandae: miradi iliyoundwa baada ya 28 Julai 2020 ambayo haijakaguliwa, video zake zinazopandishwa kwa API zinafungiwa ziwe za faragha.

#39 Mpiga Kinanda
Kwa hiyo ndiyo maana watazamaji ni wanne na wote ni waimbaji wenye akaunti ya chaneli! Kumbe ugonjwa ni mmoja na wa mama.

#40 Nguru Mbichi
Na hapo ndipo TikTok ya mama inapoingia, si kile kikufuli?

#41 kijana_wa_seva
Ndiyo. TikTok wako wazi kabisa: programu ambayo hawajaikagua inaweza kuandika kwa kiwango cha SELF_ONLY tu, yaani uone mwenyewe. Tena wanataka akaunti yenyewe iwe ya faragha wakati wa kuandika, isipokuwa hivyo wanakataa. Mama, tazama kama akaunti yako nzima haijafungwa.

#42 Mama Kitenge
Imefungwa!! Kuna watu 60 wameomba kunifuata wanasubiri. Sitini! Huyu mtoto akirudi.

#43 Pilipili Kali
Mtoto alitaka tiki ya kijani, tiki akaipata.

#44 Bint Pwani
Mwacheni kijana wa watu. Aliona kosa, akasoma, akafanya lililoandikwa. Tatizo hakumwambia shangazi.

#45 Mama Kitenge
Mimi ni mama yake mdogo. Ila sawa.

#46 kijana_wa_seva
Kuna njia ya katikati. Badala ya kuchapisha moja kwa moja, programu iombe ruhusa ya kupeleka video kama rasimu. Inakuja kwenye kikasha chako cha TikTok, unapata taarifa, unamalizia mwenyewe kwenye simu. Ni kubonyeza kwa mkono, ila video imeshaandaliwa.

#47 Mzee Kobe
Kwa hiyo tumezunguka seva ya Ujerumani, New York na Greenwich, tumerudi kubonyeza kwa mkono. Nilisema #3.

#48 Mwalimu Jioni
Mzee Kobe hapa nakupa nusu. Kama mtu ana Facebook na Instagram tu, Meta Business Suite ni bure na inapanga posti kwenye zote mbili bila tokeni wala seva. Buffer nayo ngazi ya bure ina chaneli tatu, posti kumi kwenye foleni kwa kila chaneli. Ubaya kwa mama ni kwamba ana majora mengi na kila moja lina rangi tano.

#49 Mama Kitenge
Nina aina zaidi ya 300 kwenye jedwali la mpwa: picha, jina la kitenge, bei. Nataka niandike pale mara moja basi. Ndilo lililonivuta.

#50 Jogoo la Shamba
Wakuu, sijasoma uzi wote. Hii inaweka hadi status ya WhatsApp?

#51 Fundi Waya
Hapana. API rasmi ya WhatsApp ni ya ujumbe kwa wateja, haina njia ya kuweka status. Anayekuuzia hiyo anaendesha WhatsApp ya wavuti kwa siri, namba ikifungiwa usimtafute. Telegram ndiyo rahisi kuliko zote: unamwomba BotFather (akaunti ya Telegram yenyewe ya kutengeneza bot, yaani roboti) tokeni, unaifanya bot kuwa msimamizi wa chaneli, umemaliza. Haina tarehe ya kufa mpaka uibatilishe.

#52 Wakala Mkorofi
Kuhusu kuendesha kwa siri: zipo pia maktaba zinazojifanya ni simu na kuingia Instagram kwa jina na nywila yako. Zinafanya kazi vizuri sana mpaka siku unaona "challenge_required", yaani thibitisha kuwa ni wewe. Mteja wangu mmoja alimpa kijana wa mtaani nywila kwa njia hiyo, akaunti ikapotea na picha za miaka sita za harusi. Afadhali kikufuli cha TikTok.

#53 Nguru Mbichi
X je? Hamjagusa.

#54 kijana_wa_seva
X ina majibu matatu na sijui mama yuko kwenye lipi. La kwanza, bei: Februari 2023 walitangaza kufuta API ya bure ya zamani, ngazi ya chini ya kulipia ikawa dola 100 kwa mwezi, mwishoni mwa 2024 ikawa 200. Ya bure iliyobaki ilikuwa ya kuandika posti chache. La pili, ruhusa: ukitengeneza tokeni wakati programu imewekwa "kusoma tu", kisha ukabadilisha iwe kusoma na kuandika, tokeni ya zamani haibadiliki. Inakupa kosa la 403, yaani huna ruhusa, mpaka uizalishe upya.

#55 Fundi Waya
La tatu nadhani nalijua. X ilizuiwa hapa Mei 2025. Seva iko Ujerumani, haina shida. Lakini ile hatua ya "ruhusu" haifanyiki kwenye seva, inafunguka kwenye kivinjari cha mama, Kariakoo. Ukurasa haufunguki, kibali hakitoki.

#56 Bint Pwani
Au la nne: anwani ya kurudi, ile unayopelekwa ukishabonyeza "ruhusu". Mimi nilikesha siku mbili kwa sababu kule nilikosajili niliandika anwani ikiwa na mkwaju (/) mwishoni, na kwenye programu haukuwepo. Mkwaju mmoja! Lazima zifanane herufi kwa herufi.

#57 Mwalimu Jioni
Swali langu ni dogo: wateja wa Mtaa wa Kongo wangeisomaje hiyo X hata ikiandika?

#58 Mama Kitenge
Mwalimu, umenimaliza. X naiacha.

#59 Mama Kitenge
Narudi na matokeo, wakuu. Mpwa jana usiku alipata mtandao, kaandika sera ya faragha, kaweka Live. Muuza mabegi kafungua kiungo cha posti mpya, kaona! Kwa nusu saa hivi. Kisha programu yote ikawa nyekundu, Facebook na Instagram zote. Imeandika OAuthException 190.

#60 Mzee Kobe
Adhabu. Wamewagundua.

#61 kijana_wa_seva
190 ni tokeni imekataliwa. Kuna namba ndogo pembeni? 463 ni imeisha muda wake wa siku 60. 460 ni nywila imebadilishwa.

#62 Mama Kitenge
460.

#63 Pilipili Kali
Msimamizi wa Jukwaa #8, njoo huku unaitwa.

#64 Msimamizi wa Jukwaa
Na ningemwambia tena. Ndiyo kazi ya kubadilisha nywila: tokeni iliyovuja ife. Aunganishe upya.

#65 Fundi Waya
Ila alibadilisha kabla ya #10. Kwa nini posti ya jana ilitoka na kuonekana kwa nusu saa?

#66 kijana_wa_seva
Labda mpwa aliandika hiyo moja kwa tokeni yake mwenyewe, kwa sababu naye ni msimamizi wa ukurasa.

#67 Wakala Mkorofi
Au ukurasa ulikuwa na tokeni yake, maana ya ukurasa haina siku 60. Ila nayo inazaliwa kutoka kwa mtu, mtu akianguka na yenyewe inaanguka. Nilikuwa na hoteli, kurasa zote ziliunganishwa na kijana wa mapokezi. Siku waliyomfukuza wakamtoa usimamizi, foleni nzima ya msimu ilikauka. Hakufanya kisasi chochote, maskini. Aliondoka tu.

#68 Mama Kitenge
Kwa hiyo kama mpwa akipata kazi Dodoma?

#69 Wakala Mkorofi
Unganisha kwa akaunti yako wewe, mama. Leo.

#70 Saa Sita Kamili
Na ile ya saa tisa, imejirudia?

#71 Mama Kitenge
Kabla haijawa nyekundu, posti ya Instagram ilitoka saa tisa na dakika moja. Saa nimeshaweka Dar es Salaam. Na mpwa amekiri, hiyo n8n ipo.

#72 Fundi Waya
Dakika moja! Mnaona? Jaribio la pili.

#73 kijana_wa_seva
Dakika moja ni foleni kuamka. Hii ni New York.

#74 Saa Sita Kamili
Basi tuna kipimo. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma. Ikiwa ni New York, bila kuguswa na mtu, itahama itoke saa kumi alfajiri. Ikibaki saa tisa, ni mimi au Fundi Waya. Mwambie mpwa asiguse kitu.

#75 Bint Pwani
Mwataka mwanamke aache biashara ikitoka saa tisa usiku mpaka Novemba, ili nyie mjue nani mshindi?

#76 Mama Kitenge
Msigombane. Leo nimepandisha kwa mkono, saa mbili kamili kwa saa ya ukutani, na TikTok nimeifungua, nimewakubali wale sitini. Doti nne zimeshaulizwa. Mpwa anarudi Jumamosi. Pilau nimeisimamisha.